Lugha ya Kutaja Hitilafu: Mafundi wa Eastlands, Programu Huria na Wajibu wa Mwanaisimu

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna Kiswahili kinavyoeleza, na kinavyoweza kueleza, hitilafu za programu za kompyuta, hasa zile programu ziitwazo huria. Huenda msomaji akastaajabu kuiona mada kama hii katika jarida la lugha, kwani mambo ya programu tumezoea kuwaachia wahandisi. Nia yetu ni kuonyesha kwamba taarifa ya hitilafu ni matini ya lugha kabla haijawa jambo la uhandisi. Kwamba matini hiyo ina muundo, sarufi na adabu yake. Na kwamba ziko hitilafu ambazo hazitaondolewa kamwe mpaka mjuzi wa Kiswahili azitaje kwa usahihi.

Mada yenyewe ilizuka kutokana na jambo dogo. Katika duka moja la huduma za kompyuta huko Eastlands, tulimkuta kijana akimchapia mteja barua ya makubaliano ya kuuziana ng'ombe wawili. Kila alipolifikia neno ng'ombe aliandika ngombe, bila ritifaa. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba neno analijua vyema, lakini akiliandika sawasawa mashine hulipigia mstari mwekundu, na mteja akiuona mstari hudhani mchapaji amekosea. Akiondoa ritifaa, akaiambia mashine ilikubali neno, mstari haurudi tena.

Hapa programu ilikuwa na kasoro, na lugha ndiyo iliyolipa. Tofauti baina ya sauti moja ya ng' na sauti mbili za ng si pambo la tahajia. Kung'oa ni kukitoa kwa nguvu kitu kilichojikita. Ngoa ni uchu au wivu. Mchapaji anayejifunza kuikwepa ritifaa ili kuepuka lawama za mteja ameanza kuibadilisha tahajia, na wala si kwa ujinga. Swali tulilojiuliza ni hili: kwa nini kasoro hiyo, ambayo kijana aliijua kwa muda mrefu, haikuwahi kuwafikia watu wenye uwezo wa kuiondoa?

Mifano ya usemi tutakayoitoa imetoka katika mitaa hiyo ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo mitaa inayotajwa aghalabu katika maelezo ya chimbuko na kukua kwa Sheng. Pili, vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta ni vingi humo, na fundi ni mtu ambaye riziki yake inategemea kuelewa jinsi watu wanavyoelezea vitu vilivyoharibika. Mifano yetu ni ya kusikilizwa, wala hatudai kwamba ni utafiti wa takwimu.

2. Programu huria na daftari la hitilafu

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji wake, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Mwaka wa 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa msingi huo, na mwaka wa 1991 Linus Torvalds akatangaza kiini cha mfumo ambao baadaye uliitwa Linux. Leo programu za aina hiyo huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti, na hata simu nyingi zinazouzwa mitaani Nairobi hutumia mfumo wa Android uliojengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux.

Nchi yetu si mpokeaji tu wa programu hizi. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ilikua kutokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na wataalamu wa Indiana, Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria ya kazi za ofisini. Na mnamo Januari 2008, katika siku za ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, ilizaliwa Ushahidi, ambayo tutairudia hapa chini.

Programu inayouzwa huwa na kampuni ya kulalamikiwa. Programu huria huwa na daftari. Kila mradi mkubwa huweka daftari la wazi ambamo mtu yeyote huweza kuandika hitilafu aliyoiona. Mozilla ilitoa Bugzilla, mfumo wa kuendeshea madaftari hayo, mwaka wa 1998, na baadaye miradi mingi imeweka madaftari yake katika GitHub. Taarifa hupewa nambari, hujadiliwa hadharani, na hatimaye hufungwa: ama kwa sababu hitilafu imerekebishwa, ama imeonekana si hitilafu, ama ushahidi haukutosha.

Wanaolisoma daftari tutawaita watunzaji. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, baada ya saa zao za kazi. Hawakioni kioo cha mwandishi wa taarifa. Hawajui anatumia toleo gani, wala alibonyeza nini kabla ya mambo kuharibika. Wanachopata ni maneno yake. Kwa hiyo, maneno hayo yakiwa na utata, hitilafu huendelea kuwako hata kama imetajwa mara mia.

3. Neno lenyewe

Katika Kiingereza hitilafu ya programu huitwa kwa jina la mdudu. Wengi husimulia kwamba jina lilitokana na nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, mwezi wa Septemba 1947. Nondo alikuwapo kweli, na alibandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za mtambo; lakini matumizi ya neno ni ya zamani zaidi, kwani Thomas Edison alilitumia kwa maana ya kasoro za mitambo katika barua ya mwaka wa 1878.

Wako wanaopendekeza tutafsiri sisisi na kusema mdudu. Sisi hatuoni faida yake. Katika usemi wa kawaida wa Kenya, wadudu ni pamoja na vijidudu vya maradhi, na msikilizaji huenda akachanganya jambo hili na kile kinachoitwa kirusi, yaani programu iliyoundwa makusudi ili kudhuru. Hitilafu haina makusudi.

Hazina yetu wenyewe inatosha, mradi tutofautishe maneno. Kosa hudokeza mkosaji, na mara nyingi humfanya mtumiaji adhani kwamba yeye ndiye mwenye hatia. Kasoro ni upungufu, kama tuonavyo katika saa mbili kasorobo: kitu hakijatimia. Dosari na ila ni mawaa katika kitu ambacho vinginevyo ni kizuri, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba kizuri hakikosi ila. Lakini hitilafu, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake ya msingi ni tofauti, kutolingana. Watu wawili huhitilafiana wasipokubaliana.

Maana hiyo ya msingi ndiyo hasa inayotakiwa. Hitilafu ya programu ni kutolingana kwa mambo mawili: kile kilichotarajiwa na kile kilichotokea. Anayeandika tokeo bila tarajio ameandika nusu ya hitilafu. Kwa hiyo, tunapendekeza neno hili, si kwa kuwa vyombo vya habari vyetu vimelizoesha katika semi kama "hitilafu ya umeme" peke yake, bali kwa kuwa ndani yake limebeba fasili ya jambo linalotajwa.

4. Usemi wa kibanda cha fundi

Tuangalie sasa jinsi hitilafu zinavyotajwa mitaani. Semi zifuatazo ni za kawaida mbele ya kibanda cha fundi wa simu:

(1) Simu imekataa.
(2) Imekataa kuwaka.
(3) Imehengi.
(4) Inakula chaji.
(5) Imekufa tu hivyo.

Jambo linalojitokeza mara moja ni kwamba chombo kimepewa hiari. Kinakataa, kinakula, kinakufa. Si ajabu, usemi huu una uhai wake na unaeleweka na wote. Lakini ukiutazama kama ushahidi, utaona kwamba umeeleza uhusiano wa msemaji na simu kuliko hali ya simu yenyewe. "Imekataa" huweza kumaanisha kwamba haiwaki, kwamba inawaka lakini haipigi, au kwamba inapiga lakini sauti haisikiki.

Fundi analijua hilo, na kazi yake ya kwanza si bisibisi bali ni maswali. Huuliza: Ilianza lini? Ulikuwa ukifanya nini? Ilianguka? Iliingia maji? Ukiweka chaji inaonyesha alama? Inafanya hivyo kila mara ama mara moja moja? Kwa maswali sita au saba usemi wa (1) hugeuzwa kuwa maelezo yanayoweza kufanyiwa kazi. Ukiyalinganisha maswali hayo na yale yanayoulizwa katika madaftari ya programu huria, utayakuta ni yale yale: toleo, hatua, tarajio, tokeo, marudio. Tofauti ni moja tu. Mbele ya kibanda, mteja na fundi wako pamoja, na simu iko mezani. Katika daftari, fundi yuko Berlin au Bangalore na amelala wakati mteja anaandika. Hapana budi mwandishi ajiulize maswali ya fundi na kuyajibu kabla hayajaulizwa.

Kwa hiyo, si kweli kwamba uandishi wa taarifa ya hitilafu ni utamaduni mgeni. Mtu wa Eastlands amekwisha kuhojiwa hivyo mara nyingi. Kilichobaki ni kuyahamisha mahojiano kutoka katika masikio hadi katika maandishi.

5. Sarufi ya taarifa

Tukifika hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao hatujauthamini ipasavyo. Kitenzi chetu hubeba ndani yake tofauti ambazo watunzaji huzihitaji zaidi.

Tofauti ya kwanza ni ya tukio na mazoea. Linganisha:

(6) Programu ilijizima.
(7) Programu hujizima.
(8) Nikibonyeza "Hifadhi", programu hujizima.

Sentensi ya (6) inasimulia tukio moja, ambalo huenda lilisababishwa na umeme kupotea. Ya (7) inadai kwamba jambo hurudia. Ya (8), kwa kutumia -ki- pamoja na hu-, inadai zaidi: kwamba hali fulani ikitimizwa, tokeo hufuata. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mtunzaji anaweza kuijaribu kwenye mashine yake. Msomaji asidhani kwamba vijana wa Eastlands wameipoteza tofauti hii kwa kuwa kiambishi hu- hakisikiki sana katika mazungumzo yao. Wao husema "inajizimanga" au "huwa inajizimanga". Kiambishi tamati hicho, ambacho walimu hukifuta kwa wino mwekundu, kinafanya kazi ile ile ya kutenga mazoea na tukio. Maana wanayo, umbo ndilo linalotofautiana.

Tofauti ya pili ni ya kauli:

(9) Programu imezimwa.
(10) Programu imezimika.
(11) Programu imejizima.

Katika (9) kuna mtendaji, hata kama hakutajwa. Katika (10) tunapewa hali tu. Katika (11) kirejeshi -ji- kinatuambia kwamba hakuna aliyetoa amri. Kwa mtunzaji hizi ni njia tatu za uchunguzi. Ikiwa programu imezimwa, atatafuta ni mfumo gani mwingine ulioizima. Ikiwa imejizima, ataanza na msimbo wake mwenyewe. Mwandishi asiyejua ni ipi kati ya hizo aandike (10), kwani ndiyo isiyodai kisichoonekana.

Tofauti ya tatu ni ya ukanushi:

(12) Faili haikufunguka.
(13) Faili haifunguki.
(14) Faili haijafunguka.

Ya (14) inasema kwamba bado tunangoja. Programu iliyokwama na programu iliyo polepole ni hitilafu mbili mbalimbali, na kiambishi -ja- peke yake kinatosha kuzitenga. Mwisho, katika kupanga hatua tunayo -ka-, ambayo hufuatanisha matendo bila kuhitaji viunganishi: "Nilifungua waraka, nikachagua lugha, nikaandika neno, mstari ukatokea." Asiyeona kwamba sarufi hii inafaa kwa kazi tunayoizungumzia itakuwa hajaitazama.

6. Shahidi na hakimu

Sarufi peke yake haitoshi. Mwandishi wa makala haya alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili, alikutana na hitilafu ile ile ya ritifaa katika programu moja huria ya kuandikia. Alipeleka taarifa ambayo, tukiitafsiri, ilikuwa hivi:

(15) Programu yenu haijui Kiswahili. Maneno sahihi yanapigiwa mstari. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji haistahili kudharauliwa hivi. Rekebisheni haraka, maana tunaitegemea.

Alijibiwa kwa mstari mmoja: toleo gani, na neno gani? Alikasirika, akaona amepuuzwa, asijibu. Baada ya miezi kadhaa taarifa ilifungwa kwa kukosa ushahidi. Ndiyo hitilafu aliyoikuta miaka baadaye katika duka la Eastlands, ikiwa imekwisha kumfundisha kijana tahajia mpya.

Kosa la (15) si ukali wa maneno tu. Ni kwamba mwandishi alijifanya hakimu kabla ya kutoa ushahidi. Alihukumu kwamba programu haijui lugha, akakisia dharau, akatoa amri. Lakini hakusema aliona nini. Nairobi ina funzo la karibu kuhusu jambo hili. Wale walioanzisha Ushahidi mnamo 2008 waliwaomba wananchi waeleze kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti mambo waliyoyaona: nini, wapi, lini. Katika siku hizo mitaa kadhaa ya jiji, ukiwamo Mathare, ilikuwa katika hofu, na uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari. Thamani ya taarifa ilitokana na kuweza kuwekwa kwenye ramani na kuhakikiwa kwa taarifa nyingine. Si bahati mbaya kwamba programu hiyo huria, ambayo mwaka wa 2010 ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi, inaitwa kwa neno la Kiswahili lenye maana hiyo. Shahidi husema aliyoyaona, na huruhusu wengine wayapime.

Tukiiandika upya taarifa ya (15) kwa mtindo wa shahidi, tunapata hii:

(16) Kichwa: Neno "ng'ombe" hupigiwa mstari mwekundu ritifaa inapokuwa iliyopinda.
Toleo: nambari ya toleo la programu, na jina la mfumo wa kompyuta.
Hatua: 1. Fungua waraka mpya. 2. Chagua Kiswahili kuwa lugha ya waraka. 3. Andika ng'ombe, kisha acha nafasi.
Tarajio: Neno lisipigiwe mstari, kwani ni sahihi.
Tokeo: Programu huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, kisha hulipigia neno mstari.
Marudio: Kila mara. Hutokea pia kwa ng'oa, ng'aa na ng'ambo.
Nyongeza: Nikizuia ugeuzaji huo, ritifaa ikabaki iliyonyooka, mstari hautokei.

Nyongeza hiyo ndiyo inayofichua chanzo. Katika orodha ya herufi za Unicode, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili, yenye U+0027 na yenye U+2019. Kamusi ya ukaguzi inayo moja. Programu inaandika nyingine. Hakuna aliyekidharau Kiswahili. Sehemu mbili za programu zimehitilafiana, na msemaji wa Kiswahili ndiye pekee aliyekuwa mahali pa kuliona hilo.

7. Hitilafu ambazo ni mwanaisimu tu awezaye kuzitaja

Ritifaa ni jambo jepesi. Iko aina nyingine ya hitilafu ambayo hata msemaji mzawa huihisi asiweze kuieleza. Programu nyingi hutunga ujumbe wake kwa kuunganisha vipande: jina la kitu, kisha kauli iliyotafsiriwa mara moja kwa vitu vyote. Katika Kiingereza umbo moja la kitenzi hutosha. Katika Kiswahili matokeo yake ni haya:

(17) a. Faili imefutwa.
b. *Ujumbe imefutwa.
c. *Jina imefutwa.
d. *Mtumiaji imefutwa.

Anayesoma (17b) hadi (17d) hudhani kwamba mfasiri hajui upatanisho wa ngeli. Lawama hiyo haina haki. Mfasiri aliletewa kipande kimoja, "imefutwa", bila kuambiwa nomino zitakazotangulia; hakuna tafsiri ya kipande hicho itakayofaa zote. Vyombo vinavyotumiwa kutafsiria programu huria, kama vile gettext ya mradi wa GNU, vimewekewa utaratibu wa umoja na wingi, na kwa Kiswahili huwekwa maumbo mawili. Havikuwekewa utaratibu wa ngeli. Hitilafu basi iko ndani ya msimbo, katika dhana kwamba sentensi ya lugha yoyote yaweza kuungwa kama matofali.

Mwanaisimu akiandika taarifa ya jambo hili, ataweza kufanya mambo matatu ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi. Ataonyesha kwamba hitilafu ni ya kimfumo kwa kutoa mfano wa kila ngeli inayohusika. Ataeleza kwamba lugha nyingine nyingi za Kibantu zitaathirika vivyo hivyo, kwa hiyo marekebisho yatawafaa wengi. Na atapendekeza dawa. Dawa mojawapo ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila nomino. Nyingine, palipo na vitu vingi mno, ni kutumia kitenzi-jina, ambacho hupatana na chenyewe:

(18) Kufuta kumekamilika: ujumbe.

Sentensi hiyo si tamu sana, lakini haivunji sarufi kwa nomino yoyote. Mhandisi asingeweza kuibuni, na hatuna sababu ya kumlaumu kwa hilo ikiwa sisi tuliosomea ngeli kwa miaka hatujampelekea.

8. Adabu, na suala la lugha ya daftari

Adabu ya daftari inatofautiana kidogo na ya barua zetu. Barua ya Kiswahili huanza kwa salamu na kujuliana hali. Taarifa huanza na jambo lenyewe. Huo si ukosefu wa heshima, kwani heshima huonyeshwa kwa njia nyingine: kutafuta kwanza kama hitilafu imekwisha kutajwa, kuandika hitilafu moja katika taarifa moja, kujibu maswali ya watunzaji hata kama ni mafupi, na kurudi kushukuru na kueleza kama dawa imefaa. Anayeomba msaada wa matumizi, asiye na hakika kwamba kuna hitilafu, aseme alichojaribu tayari. Vyeo havina uzito humo. Ushahidi wa mchapaji wa Kayole ukirudiwa na kuonekana kweli, una nguvu sawa na wa profesa.

Limebaki suala gumu. Madaftari mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Tulipomuuliza yule kijana kwa nini hakuwahi kuandika, hakutaja ukosefu wa muda. Alisema: "Kizungu changu ni cha mtaani. Wataniona mshamba." Tumesikia mengi kuhusu Kiswahili kupewa hadhi ya lugha rasmi katika Katiba ya Kenya ya 2010, na tuliifurahia siku hiyo. Lakini hadhi haimpi kijana huyu njia ya kupita. Ana ujuzi wa hitilafu, ana kitenzi cha kuieleza, na amezuiwa mlangoni na lugha ya tatu.

Hatuwezi kuwadai watunzaji wa dunia nzima wajifunze Kiswahili. Lakini sisi twaweza kuwa daraja. Taarifa huweza kuandikwa kwanza kwa Kiswahili, kwa mtindo wa (16), na mwanafunzi wa idara akaifasiri na kuipeleka pamoja na matini asilia. Kazi hiyo ni zoezi la tafsiri lenye faida kuliko mengi tunayoyatoa, kwa kuwa tafsiri mbaya hufichuka mara moja: mtunzaji atashindwa kuirudia hitilafu. Na taarifa ikiletwa kwa Sheng, tusiisahihishe kabla ya kuielewa. "Inajizimanga" ina habari ambayo "imekataa", ingawa ni Kiswahili safi, haina.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba taarifa ya hitilafu ni utanzu wa maelezo wenye kanuni zake. Kwamba mahojiano ya fundi wa Eastlands na mteja wake ni msingi tosha wa kuufundisha. Kwamba viambishi vya kitenzi cha Kiswahili hubeba tofauti zinazotakiwa. Na kwamba hitilafu za upatanisho haziwezi kutajwa vyema pasipo mwanaisimu. Tafsiri ya programu haikamiliki siku inapozinduliwa. Kila toleo jipya huja na maneno mapya na vipande vipya, na pasipo watu wa kutaja yanayoharibika, tafsiri huchakaa mpaka watumiaji wakarudi kwenye Kiingereza. Hapo tutasema kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta, na itakuwa si kweli.

Tunapendekeza basi kwamba kila idara ya Kiswahili iwape wanafunzi wake, walau mara moja katika mwaka, zoezi la kutafuta hitilafu moja ya lugha katika programu huria, kuiandikia taarifa na kuifuatilia mpaka ifungwe. Tunapendekeza pia kwamba istilahi za uwanja huu zijadiliwe katika kurasa hizi. Hizo tulizozitumia ni za kuanzia tu.

Taarifa ya (16) imekwisha kupelekwa. Kijana wa duka ndiye aliyezijaribu hatua zake katika mashine yake, akathibitisha kwamba hitilafu hurudia, na kutuonyesha kwamba katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumesahau hatua ya pili. Watunzaji wameikubali na kuipa nambari, lakini bado haijarekebishwa. Kwa sasa ameizima ile sehemu ya programu inayoipinda ritifaa, na barua zinazotoka dukani mwake zina ng'ombe walioandikwa sawasawa.